Maduara Matatu: Jinsi Vitabu vya Kiodia Vinavyofunguliwa Mtandaoni

Hotuba kwa waandishi, wakutubi na wachapishaji. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, mama zetu, waandishi, wakutubi, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Karibuni, na asanteni kwa kuitikia mwito.

Leo tunawapeleka mbali kidogo, hadi jimbo la Odisha, mashariki mwa India, kwenye pwani ya Ghuba ya Bengali. Lugha ya huko ni Kiodia. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 37.5 ambao Kiodia ndiyo lugha yao ya mama. Mwaka 2014 serikali ya India iliitangaza kuwa miongoni mwa lugha za kale za nchi hiyo, ya sita kupewa hadhi hiyo. Mshairi Sarala Das aliwapa Waodia Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa India, kwa lugha yao tangu karne ya 15. Kwa hiyo kabati limejaa. Tatizo ni ufunguo, na nani anao.

Kwa nini tuwasemee Waodia, na sisi tuna ya kwetu? Kwa sababu wamekwisha kujikwaa mahali pote pa kujikwaa katika kazi hii, na mawe yenyewe bado yanaonekana njiani. Anayetaka kupita njia hiyo hiyo na vitabu vya Kiswahili hana haja ya kuvunja dole gumba lake kwenye jiwe lile lile.

Tuanzie mbali, mwaka 1868, mji wa Balasore. Wakati huo Odisha ilitawaliwa kutoka Kolkata, na shuleni na ofisini Kibengali kilikuwa kimeshika kiti. Kulikuwa na hoja kwamba Kiodia si lugha inayojitegemea. Mwaka 1870 hoja hiyo ilitolewa hata kwa kijitabu. Lakini hoja iliyokuwa na meno ilikuwa rahisi zaidi: vitabu vya shule viko wapi? Vya Kibengali vilikuwa tayari, vimepigwa chapa, vinasubiri. Fakir Mohan Senapati, mwalimu wa shule, alifanya nini? Alishirikiana na wenzake wakaanzisha kiwanda cha chapa hapo hapo Balasore, kisha yeye mwenyewe akaanza kuandika vitabu vya kiada. Swali la vitabu lilijibiwa kwa vitabu.

Swali lile lile linaulizwa leo, ila muulizaji amebadilika. Vitabu viko wapi? Mtoto wa Bhubaneswar, mji mkuu wa Odisha, anauliza kwenye simu. Mashine ya kutafuta inauliza. Programu ya tafsiri inauliza, na ikikosa maandishi inabahatisha, na inabahatisha vibaya. Na hapa, ndugu zangu, ndipo watu wengi wanapoteleza: wanachukua kitabu, wanakipiga picha, wanakipandisha mtandaoni, wanasema tumemaliza. Je, mtu anaweza kutafuta neno ndani yake? Anaweza kukinukuu bila kukipiga chapa upya kwa vidole vyake? Mwalimu anaweza kutoa nakala 40 za sura moja bila kuogopa barua ya wakili? Kama majibu ni hapana, hapana, hapana, basi kitabu kiko mtandaoni lakini kimefungwa. Kina kufuli tatu: ya sheria, ya herufi na ya usomaji. Tuzichukue moja moja, na msishangae tukikaa sana kwenye mbili za kwanza.

Kufuli ya sheria. Sheria ya Hakimiliki ya India ni ya mwaka 1957. Inalinda kitabu kwa maisha yote ya mwandishi, kisha miaka 60, na hiyo 60 inahesabiwa kuanzia Januari mosi inayofuata kifo chake. Zamani ilikuwa 50. Iliongezwa mwaka 1992, kwa sababu kazi za mshairi Rabindranath Tagore, aliyefariki 1941, zilikuwa zinatoka mikononi mwa wenye haki. Mtu mmoja mashuhuri, na waandishi wote wa India wakafungiwa miaka kumi zaidi. Basi hesabu yake ni hii: Senapati alifariki 1918, kazi zake ni za umma zamani. Aliyefariki 1965 kazi zake zimefunguka 1 Januari 2026. Aliyefariki 1990 tutasubiri hadi 1 Januari 2051. Wangapi kati yetu tutakuwepo?

Sasa kuna mtego ndani ya hesabu hiyo. Mkumbukeni Gopal Chandra Praharaj, wakili wa Cuttack aliyetunga kamusi kubwa ya Kiodia yenye juzuu saba, zilizotoka kati ya 1931 na 1940, maneno yake yakiwa yamefasiriwa pia kwa Kibengali, Kihindi na Kiingereza. Alifariki 1945. Ongeza 60: India kamusi hiyo imekuwa mali ya umma tangu 1 Januari 2006. Safi? Si haraka hivyo. Ukitaka kuiweka kwenye hazina iliyoko Marekani, kama zile za Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, unaulizwa pia habari za sheria ya Marekani. Na Marekani ilirudishia ulinzi vitabu vya nje ambavyo tarehe 1 Januari 1996 vilikuwa bado vinalindwa kwao, na kwa vitabu vya umri huo ulinzi ni miaka 95 tangu kutoka. Mwaka 1996 Praharaj alikuwa bado analindwa India. Kwa hesabu hiyo juzuu la 1931 linafunguka Marekani 1 Januari 2027, na la 1940 linangoja hadi 2036. Kamusi moja, mwandishi mmoja, majibu mawili. Watu wamepandisha vitabu, wakahangaika navyo miezi, halafu vikafutwa kwa sababu hii. Kwa hiyo kabla ya kugusa skana andika tarehe mbili kwenye karatasi: mwaka wa kifo cha mwandishi na mwaka wa toleo unaloshika mkononi.

Hayo ni ya waliokufa zamani. Walio hai, na waliofariki juzi, wana njia nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo njia bora: leseni huria. Mwenye haki habaki amenyang'anywa kitu. Anabaki mwenye haki, ila anaandika kwamba yeyote aweza kusoma, kunakili, kusambaza na hata kurekebisha kwa masharti fulani. Leseni zinazotumika zaidi ni za Creative Commons. CC BY inasema: taja mwandishi. CC BY-SA inasema: taja mwandishi, na ukiibadilisha kazi hiyo, yako nayo iachie kwa leseni hiyo hiyo. Hizi mbili zinapokelewa na Wikisource ya Kiodia, ile maktaba ya wajitoleaji iliyofunguliwa Oktoba 2014. Zenye NC, yaani zinazokataza biashara, hazipokelewi. Zenye ND, zinazokataza kubadilisha, nazo hazipokelewi.

Na hapo ndipo mazungumzo na familia yanapokwama. Tuchukue mfano. Mwandishi wa hadithi za watoto amefariki, ameacha watoto watatu na mkataba wa zamani na mchapishaji. Mtoto mkubwa anasema, "Mimi nakubali, lakini mtu asiuze jasho la baba." Ni neno la heshima, lisijibiwe kwa dharau. Mjibu kwa maswali. Kitabu hiki kinauzwa wapi sasa? Hakiuzwi, kimekwisha miaka 20. Nani angekifikisha kijijini Koraput, ambako intaneti ni ya kubahatisha? Mpiga chapa mdogo wa mjini, anayetoa vijitabu vya bei ya chai na kuviuza sokoni. NC inamzuia nani hasa? Inamzuia huyo huyo. Na yule tajiri unayemwogopa akikichapa, jina la baba litabaki mbele, na SA itamlazimisha aache wengine nao wachape. Mara nyingi mazungumzo yanaisha hapo. Yasipoisha, usiwasukume, rudi mwaka ujao.

Lakini mtoto mkubwa hawezi kusaini peke yake. Warithi wote watatu wasaini, au wampe mmoja idhini ya maandishi. Na mkataba wa mchapishaji je? Usome. Sheria ya India, kifungu cha 19, inasema mkataba wa kuhamisha haki usiotaja muda unahesabiwa kuwa wa miaka mitano. Ukiisha, haki zinarudi nyumbani. Familia nyingi hazijui hili. Zinadhani baba aliuza milele. Ila angalieni: kanuni hiyo haigusi mikataba iliyofanywa kabla marekebisho ya 1994 hayajaanza kutumika, mwezi Mei 1995. Mkataba wa 1988 usiotaja muda ni habari nyingine, hapo mtafute mwanasheria, au kwa kweli mtafute mchapishaji mwenyewe mnywe naye chai. Mara nyingi kitabu chenyewe amekwisha kukisahau.

Barua ya ruhusa iandikweje? Ukurasa mmoja watosha. Jina kamili la kitabu, jina la mwandishi, mwaka na toleo. Kisha: "Mimi fulani, ambaye ni mwandishi, au mrithi pamoja na fulani na fulani, ndiye mwenye hakimiliki." Kisha jina la leseni na namba yake, "CC BY-SA 4.0," usiandike "huru kwa wote," maana hakuna mahakama itakayojua maana yake. Kisha sentensi inayosema kwamba anaelewa watu wataweza kukitumia hata kibiashara, na kwamba leseni haiwezi kurudishwa. Tarehe, jina, saini. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine itumwe kwa barua pepe kwa wajitoleaji wa Wikimedia wanaohifadhi ruhusa. Watakupa namba, na namba hiyo inabandikwa kwenye ukurasa wa kitabu.

Makosa yanayorudiwa hapa ni mawili. La kwanza, barua inasema "vitabu vyote vya baba" bila kuvitaja. Baadaye kinazuka kitabu alichoandika na mwenzake, na barua nzima inatiliwa shaka. Orodhesha, hata kama ni 30. La pili, picha ya jalada. Mwandishi ametoa ruhusa, lakini aliyechora jalada ni mtu mwingine, na dibaji ni ya profesa mwingine, naye yu hai. Barua ya mwandishi haiwafungui hao. Ama waombe nao, ama uviache vipande hivyo nje. Kitabu bila jalada kinasomeka. Jalada bila ruhusa linakifutisha kitabu kizima.

Mko pamoja nasi? Haya, kufuli ya pili: herufi.

Herufi za Kiodia zina vichwa vya mviringo, kama watu waliovaa kofia. Maelezo yanayotolewa ni ya mti tunaoujua: mvumo. Hati za zamani za Odisha ziliandikwa kwenye majani ya mvumo wa Kiasia, ndugu wa mvumo wetu huu, kwa kuchora kwa ncha ya chuma, kisha kupaka masizi na mafuta ili mchoro ujae weusi. Nyuzi za jani zimelala kwa urefu. Ukipiga mstari mnyoofu wa mlalo, kama ule wa juu ya herufi za Kihindi, jani linapasuka. Basi mkono ukajifunza kuzunguka. Jumba la makumbusho la jimbo, Bhubaneswar, limehifadhi makumi ya maelfu ya hati za namna hiyo.

Jani lilichagua umbo. Kompyuta nayo ikaleta pasuo lake. Kiodia kimo ndani ya Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, tangu toleo la kwanza la 1991, lakini viwanda vya chapa kwa miaka mingi vilitumia fonti za kale, za jamii ya Akruti na Shree-Lipi, ndani ya PageMaker, programu ya kupanga kurasa. Fonti hizo zilifanya ujanja: palipo na nafasi ya herufi ya Kilatini, ziliweka umbo la Kiodia. Ukurasa ukichapwa unapendeza. Ondoa fonti, unabaki na Kilatini kilichovurugika, hakuna neno hata moja. Na PDF yake inadanganya zaidi, kwa sababu inaonekana sawa kabisa kwenye skrini. Nakili sentensi moja uibandike kwingine, ndipo utaona. Hilo ndilo jaribio, linachukua nusu dakika. Lifanyeni kabla ya kumshukuru mchapishaji kwa "nakala ya kompyuta."

Je, haiwezi kugeuzwa? Inaweza, na wajitoleaji wa Kiodia wametengeneza vigeuzi. Lakini si kazi ya kubadilisha herufi moja kwa moja. Chukua konsonanti k na irabu e. Kwenye karatasi alama ya e inasimama kushoto, kabla ya k. Fonti ya kale inaihifadhi kama inavyoonekana: e, kisha k. Yunikodi inaihifadhi kama inavyotamkwa: k, kisha e. Kigeuzi kisichojua hilo kinaikabidhi e kwa herufi iliyotangulia, na kila neno linaharibika kwa hatua moja. Irabu o ni mbaya zaidi: nusu yake iko kushoto, nusu iko kulia, na lazima nusu hizo ziunganishwe kuwa kitu kimoja. Juu ya hayo, kila fonti ina jedwali lake. La Akruti halifai Shree-Lipi. Kwa hiyo unapopokea faili, omba jina kamili la fonti na programu iliyotumika. Kisha usigeuze kitabu chote. Chagua ukurasa mmoja wenye herufi nyingi za kuunganishwa, geuza huo, usome neno kwa neno.

Na hata ukifika Yunikodi, kuna kitu kidogo sana, kitu cha ukubwa wa nukta. Tazameni jina la lugha yenyewe: ଓଡ଼ିଆ. Herufi ya pili ina nukta chini yake. Na Wahindi wanaiita nini nukta hiyo? Nukta. Ndiyo hiyo hiyo yetu, sote tumeichukua kwa Waarabu. Sasa herufi hiyo inaweza kuandikwa kwa namna mbili: kama kitu kimoja chenye nukta ndani yake, au kama herufi tupu ikifuatwa na nukta peke yake. Machoni ni sawasawa. Kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti. Mtu anatafuta jina la lugha yake kwenye maktaba ya lugha yake, anaambiwa hakuna kitu. Dawa yake inajulikana: pitisha maandishi yote kwenye usawazishaji wa Yunikodi wa namna ya NFC, unaochagua ile namna ya pili, herufi na nukta kando. Wikisource inafanya hivyo yenyewe. Tovuti yako uliyojengewa na kijana wa mtaani haifanyi, mpaka umwambie. Na sanduku la kutafutia nalo lisawazishwe, si vitabu tu.

Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi tumeepushwa na mengi ya haya. Wanaoshughulika na tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanatikisa vichwa, tunawaona. Hao wanajua nukta inavyoweza kumtesa mtu.

Kufuli ya tatu, usomaji. Hii tutaipita upesi kidogo.

Kitabu cha karatasi kinaskaniwa kwa doti 300 kwa inchi, na 400 kama maandishi ni madogo, kwa sababu herufi za Kiodia zikiunganishwa moja inakaa chini ya nyingine ikiwa ndogo mno. Rangi au kijivu. Usiskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, inakula nukta. Kabla ya kukirudisha kitabu kwa mwenyewe, hesabu kurasa. Hesabu kweli kweli, ukitazama namba zilizochapwa. Ukurasa wa 87 ukikosekana na ukagundua baada ya kusahihisha kitabu chote, kila ukurasa unaofuata umehama nafasi yake, na kitabu chenyewe kimekwisha kurudi Sambalpur kwenye sanduku la bibi.

Kisha programu ya kusoma picha inafanya kazi yake. Iko ya bure, Tesseract, na iko ya Google iliyounganishwa na Wikisource. Zote zinaijua Kiodia. Zinaijua, lakini tazameni haya maduara matatu: ଠ, ୦, ଂ. La kwanza ni konsonanti. La pili ni sifuri. La tatu ni alama ya kutamka kwa pua, na ni dogo tu kuliko wenzake. Kwenye karatasi ya 1910 iliyonyonya wino, mashine itatofautishaje? Haitofautishi. Sifuri inaingia katikati ya neno, konsonanti inaingia kwenye tarehe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya msahihishaji ni kutafuta kila tarakimu iliyobanwa na herufi pande mbili. Hiyo peke yake inafagia sehemu kubwa ya takataka, kabla jicho la mtu halijachoka.

Kisha ni jicho. Kwenye Wikisource picha ya ukurasa inakaa upande mmoja, maandishi upande mwingine, na kila ukurasa una rangi: mwekundu haujasahihishwa, wa njano umesahihishwa na mtu mmoja, wa kijani umepitiwa na mtu wa pili. Na mfumo haumruhusu aliyeupaka njano kuupaka kijani. Watu wanalalamika kwamba hilo linachelewesha. Linachelewesha kweli. Kama ukurasa mmoja unakupotezea robo saa, kitabu cha kurasa 200 ni saa 50, na wa pili naye ana zake. Lakini jicho lililokosea mara ya kwanza ndilo litakalokosea mara ya pili, mahali pale pale, kwa sababu linasoma linachotarajia. Na jambo moja gumu kwa walimu: usisahihishe tahajia ya mwandishi. Aliandika kwa tahajia ya 1900, acha ya 1900. Kazi ni kutoa kitabu kilichopo. Hamu ya kukiboresha imeharibu maandishi mengi kuliko mchwa.

Mkiuliza tuanzie wapi, ushauri wetu ni huu: msianze na kamusi ya juzuu saba. Anzeni na kitabu chembamba, kurasa 60 hadi 80, cha mwandishi aliye hai na anayepokea simu, kwa sababu atawajibu maswali na warithi hawajaanza kugombana. Kikamilisheni mpaka kijani ya mwisho. Vya pili na vya tatu vitakuja vyenyewe, maana hakuna mwandishi anayependa kuona mwenzake anasomwa naye hasomwi.

Mfano wa barua ya ruhusa uko pale mezani, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Chukueni, na mjaze kwa kalamu ya wino. Sasa maswali. Mama pale safu ya mbele amenyanyua mkono tangu tulipokuwa kwenye saini za warithi, tuanze naye.